Simu iko Kenya, mtoto yuko wapi?

Watoto wanapotoka masomo, barabara za Lubumbashi hugeuka nyeupe na buluu. Maelfu ya mashati meupe, sketi na suruali za buluu iliyokoza humiminika kwa pamoja kuelekea Katuba, Ruashi, Kampemba, Kamalondo na hadi ncha za komini ya Annexe, ambako mji bado unajijenga. Wengine hutembea kwa makundi, wengine hujibana ndani ya taksi-basi, na wengine hukaa wawili watatu nyuma ya manseba, jina ambalo wenyeji wamewapa waendesha pikipiki za abiria. Ukisimama mita hamsini tu, humtofautishi mwanao na wa jirani. Wanaosoma zamu ya mchana wana taabu zaidi. Mwezi Juni jua la Lubumbashi huzama mapema, na mtoto anayekaa mbali huingia nyumbani giza limeshatanda.

Mzazi anayengoja kizingitini ana sababu ya kuogopa. Miaka ya karibuni habari za watu kutekwa mjini, hasa wasichana na wanawake waliopanda gari au pikipiki wasizozijua, zimewanyima usingizi wengi. Makundi ya WhatsApp ya kartie (yaani mtaa), ya parokia na ya wazazi wa shule hupokea mara kwa mara picha ya mtoto mwenye sare, chini yake namba ya simu na maneno machache: alitoka asubuhi, hajarudi. Picha nyingine ni za kweli, nyingine ni za zamani, nyingine zimetoka mji mwingine kabisa. Aliyezipokea hana njia ya kupambanua. Hofu inabaki ileile.

Ndipo yanapokuja maongezi ambayo sasa yanasikika saluni, sokoni na baada ya misa: je, kuna programu ya simu inayoonyesha mtoto yuko wapi? Ipo. Zipo hata nyingi kupita kiasi, za bure na za kulipia, za kampuni kubwa na za watu wasiojulikana wako nchi gani. Mzazi mwenye simu janja anaweza kuipakua jioni hii na kuanza kuitumia kesho.

Inafaa aipakue? Jibu la ukurasa huu ni kwamba programu inaweza kusaidia, ila ndiyo kitu cha mwisho cha kuchagua. Kwanza huchaguliwa watu: nani anamtoa mtoto getini, nani anampeleka, nani anampokea, na mtoto mwenyewe anajua nini kichwani. Familia iliyokwisha kulipanga hilo itapata faida kwenye programu. Iliyoiweka programu mahali pa watu itapata ramani nzuri na mtoto asiye na mtu.

Kazi ya programu hizi si uchawi. Simu husikiliza mawimbi ya setilaiti za GPS, mfumo wa Marekani wenye setilaiti zisizopungua 24 zinazozunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Ikipata mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, simu hupiga hesabu na kujua ilipo. Penye uwazi, chini ya anga tupu, hukosea kwa mita 5 hivi. Hadi hapo haihitaji intaneti wala salio. Gharama huanza simu inapotaka kumwambia mtu mwingine ilipo, kwa sababu habari hiyo lazima isafiri kwa mtandao, na mtandao ni mega, na mega ni pesa. Simu ikikosa setilaiti, hukisia kwa kutumia minara ya kampuni za simu na Wi-Fi za jirani, na hapo kosa linaweza kufika mamia ya mita, hata kilomita.

Kitendo kizima, basi, kinasimama juu ya masharti matatu: simu iwe mwilini mwa mtoto, iwe na moto, yaani chaji, na iwe na mega. Mjini Lubumbashi kila moja ya masharti hayo lina mgogoro wake.

La kwanza, simu na mtoto hutengana mapema. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuingia na simu, na zina sababu nzuri. Simu hufungiwa ofisini kwa mkuu wa nidhamu, au mtoto huiacha kwa muuza mikate nje ya geti. Nukta kwenye ramani itakaa shuleni mchana kutwa, na mzazi atatulia, hata kama mtoto aliondoka wakati wa mapumziko na kundi la wenzake kwenda kucheza.

La pili, umeme. Katika mji huu shirika la umeme, SNEL, hukata umeme bila kuomba ruhusa, na kuna mitaa inayolala siku kadhaa bila taa. Simu inayotafuta setilaiti kila dakika hula betri upesi, na simu za bei nafuu ambazo watoto hurithi kwa kaka na dada zao mara nyingi zina betri iliyochoka. Inauma kulisema hili Katanga. Kobalti inayotiwa kwenye betri za simu za dunia nzima hutoka kwa sehemu kubwa katika ardhi hii. Kongo hutoa takribani asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na malori ya madini yanapita kila siku kwenda mpaka wa Kasumbalesa. Mtoto wa Ruashi anayetembea kandokando ya malori hayo ana simu iliyozima mfukoni.

La tatu, mega. Familia inayopanga kununua mafungu madogomadogo ya siku moja itaona programu ikinyamaza jioni, saa ileile inapohitajika, kwa sababu fungu la asubuhi limekwisha kwenye video.

Tukitazame kioo cha simu kwa karibu. Chukulia mama yuko Katuba na binti yake anasoma ng'ambo, katika komini ya Kenya, si nchi bali ile Kenya ya hapahapa Lubumbashi yenye soko lake maarufu. Anafungua ramani. Anaona nukta ya buluu, anashusha pumzi. Lakini nukta hiyo imezungukwa na duara hafifu ambalo macho hulipita bila kulijali. Duara ndilo linalosema ukweli: mtoto, au tuseme simu, iko mahali fulani ndani ya eneo hili. Binti akiwa chini ya paa la mabati, duara hupanuka na kumeza soko, shule mbili, kanisa na vituo vya taksi. Na chini ya jina lake kuna maandishi madogo ya kijivu: dakika 47 zilizopita. Mama amesoma nukta, hakusoma dakika. Ndani ya dakika 47 manseba mmoja anaweza kuuvuka mji mzima na kurudi.

Kama kuna somo moja la kiufundi ambalo kila mzazi anatakiwa kujifunza kabla ya kutoa hata faranga moja, ni hilo: soma saa kwanza, kisha duara, nukta iwe ya mwisho. Wauzaji wa programu huonyesha nukta tu kwenye matangazo yao.

Kuna hatari nyingine inayozungumzwa kidogo. Simu janja mkononi mwa mtoto wa miaka tisa humfanya mtoto huyo awe na kitu cha kuibiwa. Vibaka wa njia za giza hawamtafuti mtoto, wanatafuta simu. Mzazi aliyenunua kifaa cha laki za faranga ili mtoto awe salama anaweza kuwa amempa sababu ya kusimamishwa njiani.

Yaliyotokea Goma yanastahili kukumbukwa hapa. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, anga likawa jekundu, na watu kwa maelfu wakakimbia, wengine kuelekea Sake, wengine wakivuka mpaka kuingia Gisenyi upande wa Rwanda. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na familia zao na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Wazazi wengi walikuwa na simu mfukoni. Katika msukumano ule kilichoamua ni kama mtoto aliweza kumwambia mgeni jina lake lote, jina la mama, kartie anayokaa na namba moja ya simu. Vituo vya muda vilifunguliwa, wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu na wenzao wakaandika majina, wakauliza, wakalinganisha, wakawarudisha watoto mmoja mmoja. Mtoto mdogo aliyejua kusema "mimi ni wa mama fulani" tu alichukua siku nyingi zaidi kutafutiwa kwao, maana akina mama fulani Goma ni wengi.

Lubumbashi haina volkano. Lakini mji huu nao umeonja siku za taharuki. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga waliingia hadi katikati ya mji, na tarehe 14 Februari 2021 milio ya risasi ilisikika tena, kambi za jeshi ziliposhambuliwa. Siku kama hizo mitandao hulemewa, watu wote hupiga simu kwa wakati mmoja, na ramani ya simu haifunguki. Namba iliyo kichwani haikatiki.

Halafu kuna jambo zito zaidi, ambalo heshima ya familia hutufanya tulipite kimya. Wanaohangaika na ulinzi wa watoto, kuanzia madaktari hadi watumishi wa UNICEF, wanasema jambo moja kote duniani: mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayemjua. Mjomba, jirani, mwalimu wa jioni, mpangaji wa nyumba ya uani. Programu itaonyesha mtoto yuko nyumbani, na kweli yuko nyumbani. Nukta itakuwa mahali pake, dakika zitakuwa mbili, duara litakuwa dogo kabisa. Hakuna ramani inayoonyesha mtoto anaogopa. Anayeonyesha hilo ni mtoto mwenyewe, akiwa na mtu mzima mmoja anayemsikiliza bila kumpiga wala kumkatiza. Mzazi anayetumia nusu saa kila jioni kukagua njia alizopita binti yake angeweza kuitumia nusu saa hiyo kumuuliza siku yake ilikwendaje, na mara nyingi angejua zaidi.

Haya yote hayamaanishi kwamba teknolojia itupwe. Yanamaanisha ichaguliwe kwa macho yaliyofunguka, na hasa mzazi ajue anampa nani habari za mwanae.

Mfano mashuhuri ni Life360, programu ya Marekani ya familia ambayo mwishoni mwa 2021 ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 30. Desemba mwaka huo chombo cha habari cha The Markup kilifichua kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikiwauzia madalali wa data mahali halisi watu walipo, wakiwemo watoto. Baada ya kelele, mwanzoni mwa 2022 kampuni ilitangaza kupunguza sana biashara hiyo. Wazazi walidhani wamenunua ulinzi. Wakati huohuo safari za watoto wao kwenda shule na kurudi zilikuwa bidhaa sokoni.

Nyingine, Family Locator, iliyotengenezwa na kampuni ya Australia, iligunduliwa mwezi Machi 2019 ikiwa imeacha hifadhi yake wazi mtandaoni bila nywila. Ndani yake mlikuwa na habari za watu zaidi ya 238,000: majina, picha, barua pepe, na mahali walipo saa ileile. Wengine walikuwa wameziwekea alama sehemu zao muhimu kwa majina kama "nyumbani" au "kazini", na hizo pia zilisomeka. Mtu mbaya asingehitaji kuvizia getini.

Saa za mkononi za watoto, zile za rangirangi zinazouzwa kama zawadi, nazo zina historia yake. Oktoba 2017 Baraza la Walaji la Norway lilizipima kadhaa na kukuta mgeni angeweza kuiteka saa, kumfuatilia mtoto na hata kuongea naye. Mwezi uliofuata mamlaka ya mitandao ya Ujerumani ilipiga marufuku saa zinazomwezesha mzazi kusikiliza kwa siri yanayosemwa karibu na mtoto, ikawaambia wazazi waziharibu, kwa sababu zilikuwa zikitumika hata kuwasikiliza walimu darasani. Februari 2019 Tume ya Ulaya ilitangaza kurudishwa kwa saa aina ya Enox Safe-KID-One. Kitu kilichokataliwa Ulaya hakitoweki duniani. Husafiri, na masoko ya Afrika huwa njiani mwake. Anayeiona saa ya aina hiyo kwa bei ya kutupa mjini hapa aulize kwanza: habari za mwanangu zinakwenda kuhifadhiwa wapi, na nani anashika ufunguo?

Kundi baya kuliko yote ni programu za upelelezi, zile zinazojificha kwenye simu ili mwenye simu asijue. Husoma jumbe, hurekodi, hutuma kila kitu kwa anayelipa. mSpy, mojawapo ya zinazojulikana zaidi, iliwahi kuvujisha data mwaka 2015, tena 2018, na mwaka 2024 habari za mamilioni ya wateja wake zikatapakaa. Programu hizo huuzwa kwa jina la mtoto, na kisha hutumiwa na waume wenye wivu juu ya wake zao. Mzazi anayeziweka kwenye simu ya kijana wa miaka kumi na sita anamfundisha kwamba kupelelezwa kwa siri ni namna ya kupendwa. Binti akilichukua somo hilo hadi kwenye ndoa yake, atamwona mume anayekagua simu yake kuwa mume mwema.

Sheria ya Kongo ina la kusema. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha binafsi na siri ya mawasiliano. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi hii iliuridhia tarehe 27 Septemba 1990 ikiwa bado inaitwa Zaire, unampa mtoto haki hiyohiyo katika kifungu cha 16. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ipo, na tangu tarehe 13 Machi 2023 kuna Sheria ya Dijitali yenye sura ya kulinda data binafsi. Maandiko hayakosekani. Linalokosekana ni mzazi wa Kampemba kujua abishe mlango gani akikuta kampuni ya ng'ambo inauza safari za mwanae. Wabunge na mamlaka husika wanadaiwa jibu hilo kwa lugha anayoisema mzazi huyo, yaani Kiswahili.

Sasa kwa anayetaka kuchagua, chaguo lenye busara ni dogo na la karibu. Kushiriki mahali ulipo ndani ya WhatsApp, huduma iliyoanza Oktoba 2017, kunatosha familia nyingi. Mtoto mkubwa anachagua dakika 15, saa 1 au saa 8, anambonyezea mama, na muda ukiisha inajizima yenyewe. Habari hiyo imefungwa kwa ufunguo wa anayetuma na anayepokea. Uzuri wake mkubwa ni kwamba mtoto ndiye anayetuma. Binti anapopanda pikipiki kutoka Kasapa jioni anabonyeza, mama anafuatilia mpaka anafika, basi. Kwa watoto wadogo wenye simu ya Android, Family Link ya Google, iliyoanza 2017, ni ya bure, inaonyesha simu ilipo na kiasi cha betri kilichobaki, na mtoto anaona wazi kwamba anasimamiwa. Hilo la betri ni muhimu kwetu: simu yenye asilimia 6 inamwambia mzazi atoke sasa akampokee mtoto, asingoje nukta ipotee.

Programu yoyote inayojificha ikataliwe. Inayosikiliza sauti ikataliwe. Inayoomba majina yote ya kwenye simu, picha na jumbe ili tu ionyeshe mahali, ikataliwe pia. Ramani haina haja ya picha za ubatizo.

Na kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, simu janja ya kutembea nayo si lazima hata kidogo. Simu ndogo ya vibonyezo, isiyotamaniwa na mwizi, inayokaa na moto siku kadhaa, ni bora. Hata hiyo isipokuwepo, namba mbili kichwani zinatosha: ya mama au baba, na ya babu, bibi au ndugu mkubwa ambaye huwa hewani wakati wote. Namba hufundishwa kama wimbo, mara tatu kabla ya kulala, kwa wiki mbili, na mtoto wa miaka mitano huzishika. Wazazi waziandike pia kwenye karatasi ndani ya begi. Jina la mtoto lisiandikwe nje ya begi, kwa sababu mgeni anayeliita jina la mtoto hufanana na rafiki wa familia.

Wakongwe wa mji huu watakumbuka jinsi mtoto alivyojulikana zamani. Kwenye makambi ya Union Minière, baadaye Gécamines, shule ilikuwa ya kampani, hospitali ya kampani, na njia kati ya nyumba na darasa ilipita mbele ya milango ya watu waliofanya kazi pamoja. Maisha yale yalikuwa na udhibiti ambao si wa kutamani kuurudisha, lakini mtoto hakutembea mbele ya wageni. Gécamines ilipodhoofika miaka ya 1990, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondolewa mwaka 2003 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, familia zilitawanyika. Mji umekua hadi kupita watu milioni 2. Leo mtoto hupita mbele ya milango mia ambayo hakuna hata mmoja unaomjua baba yake. Tatizo tunalotaka programu ilitatue limezaliwa hapo, kwenye umbali na ugeni, na mkono mmoja haulei mwana.

Milango hiyo inaweza kufahamiana tena, bila mega. Wazazi wanne wa avenue moja wanaweza kuwaunganisha watoto wao watembee pamoja na kupokezana siku za kuwapokea. Familia yenye uwezo wa kumlipa manseba kwa mwezi inaweza kumpiga picha yeye na namba ya pikipiki yake, ikamjulisha shefu wa kartie, ikamtambulisha getini kwa mlinzi wa shule, na mtoto akaambiwa neno moja la siri: asiyelijua, hata akisema ametumwa na mama, usipande. Neno hilo halihitaji betri.

Nchi za Afrika Mashariki zimepiga hatua ambazo Katanga inaweza kuziiga. Kenya na Tanzania zina namba 116, ya bure, ya kupiga mtoto akiwa hatarini. Nairobi, tangu 2016, shirika la Missing Child Kenya limekuwa likitengeneza bango moja lililohakikiwa kwa kila mtoto aliyepotea, lenye picha, sare aliyovaa na mahali alipoonekana mwisho, na kulieneza mitandaoni ili picha za uongo zisichanganye watu. Lubumbashi ina redio zinazosikika hadi Kipushi, ina parokia zenye vipaza sauti, ina nyumba kama Bakanja-Ville ya Wasalesiani ambayo imepokea watoto wa barabarani kwa miaka mingi na kujua jinsi ya kuwatafutia kwao. Vinavyokosekana ni meza moja inayoviunganisha, na namba moja fupi ambayo kila mtoto ataikariri. Serikali ya jimbo inaweza kuianzisha kwa gharama ndogo.

Shule zifungue daftari la getini mwezi Septemba, masomo yanapoanza. Kila mtoto wa madarasa ya chini awe na majina mawili yaliyoandikwa ya wanaoruhusiwa kumchukua, na mlinzi asimtoe kwa mwingine hata akija kwa gari la fahari. Daftari moja, kalamu moja, mlinzi mmoja anayelipwa vizuri. Wazazi wasingoje kuombwa. Waende wenyewe kwa mkuu wa shule na majina yao mawili mkononi, na jioni ya leo, kabla ya kupakua chochote, wamuulize mtoto namba ya mama yake bila kutazama simu.